Kubadili mwenyewe waya wa klachi na waya wa mafuta wa pikipiki

Waya wa klachi hutoa taarifa kabla ya kukatika. Kwanza mkono wa klachi unakuwa mzito asubuhi, halafu unaanza kukwaruza, halafu gia ya kwanza inaingia kwa kishindo ingawa umebana mpaka mwisho. Ukivuta ile kofia ya mpira iliyo karibu na mkono utakuta nyuzi mbili tatu zimeshaachia na kusimama kama miiba ya samaki. Waya uliofika hapo usiupe safari nyingine. Ubadilishe ukiwa nyumbani, kivulini, injini ikiwa imepoa, maana ukikukatikia kwenye mlima wa kupandia Newala ukiwa na magunia mawili ya korosho nyuma, utaifanya kazi hiyohiyo gizani kwa bisibisi ya kuazima.

Maelezo haya ni ya pikipiki za kawaida za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria na mizigo Mtwara na Lindi: Boxer, TVS na zile za Kichina, zenye klachi ya kuvuta kwa mkono na kabureta. Waya wa klachi unabadilika kwa nusu saa. Waya wa mafuta, ambao wengine huuita waya wa resi, unataka saa moja au zaidi kidogo kwa sababu mara nyingi tangi lazima linyanyuliwe. Hakuna hatua hata moja inayohitaji nguvu. Ukiona unatumia nguvu, simama: kuna kitu hakijakaa kwenye mfereji wake.

Kwa nini waya hukatika

Waya wa ndani ni msuko wa nyuzi nyembamba za chuma. Umepita ndani ya ganda, ambalo nalo ni chuma kilichozungushwa kama springi na kufunikwa plastiki. Unapobana mkono, waya unavuta na ganda linasukuma kinyume chake kwa nguvu ileile. Ndiyo maana ganda lililopondeka au kukunjwa sana huiba mwendo: vidole vimefika mwisho, lakini kule kwenye injini klachi imefunguka nusu.

Mahali unapokatikia ni palepale karibu kila mara, milimita chache kutoka kwenye kichwa cha juu, kile chenye umbo la pipa dogo kinachokaa ndani ya mkono. Kichwa hicho kinatakiwa kizunguke kwenye tundu lake kila unapobana. Kikikauka grisi kinaganda. Mkono unazunguka, kichwa kimegoma, basi waya unalazimika kupinda pale shingoni. Unapinda, unanyooka, unapinda, unanyooka, kutwa nzima. Chuma kinachoka. Uzi mmoja ukikatika mzigo wake unahamia kwa zilizobaki, nazo zinafuatana upesi. Grisi kiasi cha punje ya mchele kwenye hilo tundu inaongeza maisha ya waya kuliko kitu kingine chochote kilichoandikwa hapa.

Halafu yapo mazingira yetu. Mikindani, Msimbati, Lindi mjini, Kilwa, upepo wa bahari unakuja na chumvi, na chumvi inaalika kutu ndani ya ganda ambako jicho halifiki. Ukipanda juu kwenye uwanda wa Makonde, Tandahimba na Newala, chumvi inapungua lakini mchanga na vumbi vinachukua nafasi yake. Vikichanganyika na oili vinakuwa msasa. Msimu wa korosho unapoanza, kuanzia Oktoba, klachi inashikwa nusunusu kwenye mchanga na mizigo mizito, na waya uliokuwa mgonjwa tangu masika hauvuki msimu.

Sababu ya mwisho ndiyo inayosumbua waya mpya: njia mbovu. Waya uliopitishwa nje ya njia yake, ukabanwa kati ya tangi na fremu au ukapigwa kona kali nyuma ya taa ya mbele, utakuwa mzito siku ya kwanza na utakatika ndani ya miezi michache. Watu humlaumu muuza duka. Kwa hiyo zingatia hatua ya kamba, iliyoelezwa hapo chini, kuliko zote.

Kuchagua waya dukani

Jina la pikipiki peke yake halitoshi. Boxer ya cc 100 na ya cc 150 zina nyaya tofauti, na pikipiki iliyobadilishwa usukani ukawa mrefu inataka waya mrefu kuliko ule wa kiwandani. Nenda na waya wa zamani mkononi. Kama pikipiki ndiyo usafiri wako wa kwenda dukani, pima waya kabla ya kuondoka kwa kulaza kamba juu ya ganda kutoka mwanzo hadi mwisho.

Weka waya mpya na wa zamani sambamba juu ya meza. Ganda likizidi sentimita moja inavumilika; likipungua usilichukue, kwa sababu ukigeuza usukani waya utajivuta wenyewe. Kisha vuta waya wa ndani upande mmoja mpaka mwisho upime kipande kinachotokeza nje ya ganda. Kipimo hiki ndicho kinachosahaulika na ndicho kinachowarudisha watu dukani. Nyaya mbili zenye ganda sawa zinaweza kupishana hapa kwa sentimita mbili, na ukiufunga huo usio wako, adjasta, zile skrubu za kukaza na kulegeza waya, zitaisha nyuzi kabla klachi haijaanza kuvuta. Angalia pia unene wa vichwa vyote viwili na nyuzi za skrubu za adjasta. Kichwa kikubwa kuliko tundu lake kisichongwe kwa tupa. Ukikichonga unakula ile risasi inayoshikilia waya.

Ubora unajulikana kwa vidole. Kunja waya duara la ukubwa wa sinia, kisha vuta waya wa ndani huku na huku. Ukikwama dukani hautapona ukifika kwenye pikipiki. Tazama kichwa kwa juu: risasi iwe imejaa mpaka katikati ya nyuzi, isiwe na shimo. Vikombe vya chuma kwenye ncha za ganda viwe vimebanwa sawasawa; kikombe kinachozunguka kwa vidole kitachomoka. Waya wa bei ya chini kabisa kwenye kibao cha spea mara nyingi una nyuzi chache na nene, na nyuzi nene huchoka mapema kwa kupindwa. Ongeza pesa kidogo upate wenye nyuzi nyingi nyembamba. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko bei ya seti ya pleti za klachi, nazo ndizo zinazoungua waya ukiwa mbovu.

Vifaa

Spana namba 8, 10, 12 na 14, mbili za namba 10 kama unazo. Bisibisi ya nyota na bapa, plaizi, grisi kidogo, oili nyepesi, kitambaa, mfuko mdogo wa plastiki, raba, na kamba nyembamba ngumu ya mita 2. Uzi wa kushonea nyavu unafaa sana kwa kazi hiyo na kila mtaa wa pwani unapatikana.

Tia oili kabla ya kufunga

Ukishaufunga, kuutia oili ni shida. Funga mfuko wa plastiki uliokatwa pembe kwenye ncha ya juu ya ganda kama mrija wa kumiminia, ubane kwa raba, ning'iniza waya kwenye msumari wima na umimine oili kijiko kimoja. Vuta waya wa ndani juu na chini mpaka oili itokeze chini. Huchukua dakika kumi. Ikitoka nyeusi kwenye waya mpya, endelea kumimina mpaka itoke safi, kwa kuwa huo ni unga wa chuma wa kiwandani.

Nyaya nyingine zina mrija mweupe wa plastiki ndani ya ganda. Hizo zinateleza zenyewe. Matone mawili matatu yanatosha, na usiingize grisi nzito, itakusanya vumbi na kuganda.

Oili ya cherehani ni nzuri. Oili mpya ya injini inafaa. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini usiitie: ina masizi na chembe za chuma. Mafuta ya nazi yapo kila nyumba huku kwetu na yanatumika sana kwenye nyaya, lakini si ya kazi hii. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo alfajiri ya Juni au Julai waya unakuwa mzito, na mafuta ya kula yakikaa muda mrefu hugeuka kuwa ulimbo.

Kutoa waya wa klachi wa zamani

Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, usukani unyooke. Kabla ya kulegeza chochote piga picha nne kwa simu: mkononi, nyuma ya taa, pembeni ya tangi, na kwenye injini.

Anzia juu. Rudisha kofia ya mpira nyuma, legeza nati ya kufungia, kisha zungusha adjasta iingie ndani mpaka mwisho. Shuka kwenye injini. Pale waya unapoishia kuna kipande cha chuma kinachovutwa nao. Tukiite wenzo wa injini. Ganda limeshikwa kwenye mabano kwa nati mbili, mara nyingi za spana 10 au 12. Shika moja, legeza nyingine, zirudishe nyuma zote mpaka waya uning'inie umelegea.

Sasa rudi juu. Adjasta, nati yake na mabano ya mkono vyote vina mfereji mwembamba ubavuni. Zungusha mpaka mifereji mitatu ikae mstari mmoja na ule mfereji wa mkono wenyewe. Vuta ganda nje ya adjasta, pitisha waya kwenye mfereji, shusha kichwa chini ya mkono kitoke kwenye tundu. Kisipotoka, bado waya haujalegea vya kutosha: sukuma wenzo wa injini kwa mkono mwingine upate sentimita moja ya ziada. Kwenye injini chomoa kichwa cha chini na utoe ganda kwenye mabano.

Hapa ndipo kamba inapofanya kazi. Funga kamba imara kwenye ncha ya juu ya ganda la zamani kwa mafundo mawili, kisha ulivute taratibu kutoka upande wa injini. Kamba itafuata nyuma na kubaki imelala kwenye njia halisi ya waya, ikipita ndani ya kila kibano na nyuma ya kila waya wa umeme. Fungua ncha ya zamani, funga ncha ya juu ya waya mpya kwenye kamba hiyohiyo, na uvute kurudi juu. Ukikwama, usikaze; rudi nyuma sentimita chache, zungusha ganda, jaribu tena. Waya ukifika, njia yake ni ileile bila kubahatisha.

Kama pikipiki imepita kwenye mikono mingi na njia ya zamani nayo ni mbovu, angalia unavyogeuza usukani: waya upite mbele ya shingo ya fremu kwa kona pana, usibanwe na kizuizi cha usukani wala usiguse bomba la moto au mapezi ya injini. Kona yoyote yenye upana mdogo kuliko kikombe cha chai ni kali mno.

Wakati waya wa zamani uko nje, usiutupe mara moja. Tazama ulikokatikia. Ukiwa umekatikia shingoni, ni ukavu wa kichwa. Ukiwa umekatikia katikati ya ganda, ni kutu au kona. Ukiwa umekatikia chini kwenye injini, wenzo umekaa pembe mbaya au mabano yamepinda, na waya mpya utakatikia hapohapo usiporekebisha.

Kufunga na kurekebisha

Safisha tundu la mkono kwa kitambaa, toa ulimbo wote mweusi, paka grisi. Kagua pia boliti inayoshikilia mkono. Mkono ukicheza juu na chini kama mlango mbovu, badilisha boliti na bushi yake, la sivyo utakata kichwa cha waya kwa pembeni.

Adjasta ya juu na nati za chini ziwe zimelegezwa zote. Ingiza kwanza kichwa cha chini kwenye wenzo wa injini na ganda kwenye mabano yake, nati bila kukaza. Kisha juu: kichwa kwenye tundu la mkono, waya kwenye mfereji, ganda kwenye adjasta. Ukivuta ganda kwa mkono mmoja na kubana mkono wa klachi kwa mwingine linaingia bila ubishi.

Kinachotafutwa sasa ni mwanya wa kuchezea, yaani umbali ambao ncha ya mkono inatembea kabla waya haujaanza kuvuta. Kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu ni milimita 10 hadi 20 zikipimwa kwenye ncha ya mkono, ambazo pale shinani huonekana kama milimita 2 hadi 3 tu. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, fuata kitabu.

Rekebisha kwa chini kwanza. Zungusha nati mbili za kwenye injini mpaka ukaribie kipimo huku adjasta ya juu ikiwa bado imeingia karibu yote. Kaza nati za chini zikutane. Halafu malizia kwa adjasta ya juu, kidogokidogo. Wengi wanafanya kinyume, wanaitoa adjasta ya juu mpaka nje. Waya mpya lazima ulegee baada ya siku chache kwa kuwa vikombe na ganda vinakaa sawa, na aliyefanya hivyo atakuwa hana pa kuongezea. Mbali na hilo, adjasta iliyotoka sana hupinda au kukatika pikipiki ikianguka.

Ukimaliza, zungusha adjasta na nati yake mifereji isielekeane tena, kisha rudisha kofia ya mpira. Mifereji ikiachwa mstari mmoja maji ya mvua yanaingia ndani moja kwa moja.

Mwanya ni jambo la kulinganisha kwa uangalifu, maana makosa ya pande mbili hayafanani. Waya ukikazwa bila mwanya, klachi haifungi sawasawa hata ukiachia mkono. Pleti zinateleza, zinapata moto, zinaungua. Dalili yake: kwenye mlima injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, na kunanuka kama kitu kilichoungua. Kwa wanaopanda na mizigo kila siku, siku mbili za namna hiyo zinatosha kumaliza pleti. Mwanya ukizidi, klachi haifunguki yote: gia zinaingia kwa kishindo, nyutro haipatikani ukiwa umesimama, pikipiki inasogea yenyewe ingawa umebana. Hili la pili linaudhi na linakula meno ya gia polepole. La kwanza linaua klachi upesi. Ukiwa na shaka, acha mwanya mkubwa kidogo.

Jaribu injini ikiwa imezimwa kwanza: bana mara ishirini, sikiliza. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, pima mwanya, kisha kulia, pima tena. Ukibadilika, njia si nzuri. Washa injini, shika breki ya mbele, ingiza gia ya kwanza ukiwa umebana klachi: pikipiki isisogee. Achia taratibu, inapaswa kuanza kuvuta mkono ukiwa karibu na katikati ya mwendo wake.

Ikiwa adjasta zote mbili zimefika mwisho na kipimo bado hakipatikani, rudi kwenye kipimo cha waya wa ndani unaochungulia nje ya ganda. Ukiwa sahihi, basi pleti zimekwisha, au wenzo wa injini ulifunguliwa siku za nyuma ukarudishwa jino moja pembeni. Injini nyingi zina alama ndogo kwenye wenzo na kwenye mhimili wake, zinatakiwa zielekeane.

Waya wa mafuta

Huu unataka utulivu zaidi kwa sababu ukikwama wazi, pikipiki inakimbia bila amri yako. Funga koki ya mafuta. Sigara na jiko la mkaa vikae mbali.

Toa siti, kisha boliti ya nyuma ya tangi, kwa kawaida spana 10 au 12. Chomoa mpira wa mafuta kwenye koki, nyanyua tangi kwa nyuma na ulivute kuelekea kwako. Kabla hujagusa kabureta, ifute yote kwa kitambaa kilicholowa petroli kidogo. Ukifungua kabureta yenye mchanga wa Tandahimba juu yake, mchanga huo unaanguka ndani na njia yake ya kutokea ni kupitia injini.

Kabureta ziko za namna mbili. Kama waya unaishia nje kwenye gurudumu dogo ubavuni, kazi ni nyepesi: legeza nati mbili za mabano, zungusha gurudumu kwa kidole, chomoa kichwa. Kama waya unaingia kwa juu kupitia kifuniko, fungua kifuniko kwa mkono, vuta wima, na utatoka na springi, pistoni ya kabureta na sindano yake. Shika springi uibane yote juu kwenye kifuniko; waya ukilegea, sogeza kichwa kutoka kwenye tundu lake hadi kwenye mfereji mpana na kitachomoka. Sindano ina mikato midogo na klipu ndogo. Usiihamishe klipu; kama imechomoka yenyewe, irudishe kwenye mkato uleule uliokuwa na alama ya kung'aa.

Upande wa usukani, fungua skrubu mbili zilizo chini ya kile kisanduku cha mshikio wa kulia. Kigawanye, chomoa kichwa kwenye mfereji wa mshikio, toa waya. Tumia kamba kama kwenye klachi. Hapa njia ina maana zaidi: waya upite chini ya tangi kwenye bonde lake, na ukishusha tangi lisiukalie.

Vua mshikio mzima, futa bomba la usukani mpaka ling'ae, paka grisi nyembamba sana. Mshikio unaokwama mara nyingi unasingiziwa waya, kumbe ni kutu ya chumvi chini ya mpira.

Kurudisha pistoni ya kabureta ndiko kunakokosewa. Ina mfereji mrefu ubavuni unaotakiwa uingie kwenye pini ndogo iliyo ndani ya kabureta, na ile sehemu iliyokatwa chini yake ielekee upande wa kisafisha hewa. Izungushe kwa kidole mpaka uhisi imeshuka yenyewe hadi chini. Ikigoma kushuka, imegeuzwa. Usibane kifuniko kwa nguvu, kwa sababu itabaki juu na injini itaanza kwa resi kamili.

Mwanya wa kuchezea hapa ni milimita 2 hadi 6, zikipimwa kwenye ukingo wa mshikio unapouzungusha. Injini ikiwa imezimwa, fungua resi yote na uachie ghafla. Usikie "tak" ya pistoni kugonga chini. Rudia usukani ukiwa katikati, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Usiposikia hiyo sauti hata upande mmoja, usiwashe. Ukishaisikia pande zote, rudisha mpira wa mafuta, fungua koki, washa, acha iungurume polepole, geuza usukani kote, mlio usipande. Ukipanda, waya umebanwa au ni mfupi, na siku utakayokata kona kali mwendo utaongezeka wenyewe.

Kiwango cha mlio wa chini kinawekwa kwa skrubu ya kabureta, si kwa kukaza waya. Waliozoea kukaza waya ili injini isizime ndio wanaopata pikipiki inayopiga kelele kila wakigeuza.

Breki ya mbele na spidi

Waya wa breki ya mbele ya ngoma unafuata kanuni zilezile, mwanya wa milimita 20 hadi 30 kwenye ncha ya mkono, na gurudumu lizunguke huru ukiachia. Tofauti ni moja: waya wa breki hauungwi kamwe, hata kwa safari ya mita mia. Waya wa spidi unachomolewa kwa plaizi kwenye gurudumu na chini ya saa ya spidi. Hakikisha ncha yake bapa imeingia kwenye tundu kabla ya kukaza.

Ukikatikia njiani

Kama umekatikia shingoni juu, kiunganishi cha umeme kinaweza kukufikisha. Ni kile kipande kidogo cha shaba chenye skrubu mbili, kikitolewa kwenye plastiki yake. Ingiza adjasta zote mbili ndani mpaka mwisho ili upate urefu, pitisha waya kwenye kiunganishi, kaza skrubu zote mbili, kiweke mahali pa kichwa. Hicho ni cha kufikia Mnazi Mmoja au Nanyamba, si cha kufanyia kazi wiki nzima. Kuchomelea kichwa kwa gesi hakufai kabisa: moto mkali unalainisha chuma cha waya, na unakatika sentimita moja pembeni ya pale palipochomelewa.

Bila kiunganishi, shusha abiria, weka nyutro, washa, sukuma pikipiki ikimbie kidogo, panda na ugonge gia ya kwanza. Kubadilisha gia, funga resi na ugonge palepale. Weka nyutro kabla ya kusimama. Barabara yenye watu wengi, kama sokoni, isukume kwa miguu.

Baada ya siku ya kwanza au kilomita mia hivi, pima mwanya upya na urekebishe kwa adjasta ya juu. Kwa wanaoishi pwani, grisi ya kichwa cha juu iongezwe kila mwezi, na oili ya ndani kila baada ya miezi mitatu, mojawapo ikiwa kabla mvua za Novemba na Desemba hazijaanza. Ukitoka kwenye mchanga wa Msimbati, mwagia pikipiki maji yasiyo na chumvi kwa ndoo. Mashine ya kuoshea ya presha isielekezwe kwenye mikono wala kwenye kabureta. Inasukuma maji na chumvi ndani ya ganda.

Kwa wanaokwenda mbali, Liwale, Nachingwea au vijiji vya Rondo, yafaa kulaza waya wa pili wa klachi, wa akiba, sambamba na wa kwanza siku hiyohiyo unapobadilisha, ukiwa umeshatiwa oili na kufungwa kwenye fremu kwa vipande vya mpira wa tairi kila sentimita 20. Usiubane sana, usukani ugeuke huru. Ncha zote mbili zifunikwe kwa plastiki na raba, na ile ya juu ielekezwe chini kidogo ili maji yasitulie ndani.